Kukimbia Baridi kwa Trela: Namna ya Kukaa Msimu Mzima Kwenye Hifadhi za Jimbo, Texas na New Mexico

Nimeishi Minnesota zaidi ya miaka ishirini na baridi yake sijaizoea. Nilipostaafu kazi ya kuhudumia wazee, mimi na mke wangu tulinunua trela la kulala, la futi 25, tukalifunga nyuma ya pikapu na kushuka kusini. Hii ni baridi yetu ya tatu barabarani. Kila tukikutana na Waswahili wenzetu, iwe harusini au msibani, maswali ni yale yale: mnalala wapi, choo mnafanyaje, hamgandi? Nayajibu hapa yote kwa mpangilio, kwa sababu najua wapo wengi wa rika letu wanaotamani jambo hili na hawajui pa kuanzia.

Wengi huanza na gari. Wanazunguka kwenye yadi za wauzaji, wanapenda makochi na televisheni, wanasaini mkopo, ndipo wanauliza watalala wapi. Anza na mahali pa kulala. Gari la maelfu ya dola lisilo na nafasi mwezi wa Januari litakulaza kwenye maegesho ya duka.

1. Panga siku zako kwanza

Hifadhi za jimbo si zile hifadhi kubwa za taifa kama Yellowstone. Hizi ni mali ya jimbo lenyewe, na ziko nyingi: Texas ina zaidi ya 80, Florida ina 175. Nafasi ya kawaida ina mlingoti wa umeme, bomba la maji, meza ya kulia nje na pahala pa kuwashia moto. Mabafu ya maji moto yako jirani, na karibu na lango kuna kituo cha kumwaga majitaka. Miti inakutenga na jirani. Kwenye viwanja vya watu binafsi unaweza kulipa kwa mwezi, lakini mara nyingi trela zimebanana hata unasikia jirani akikohoa.

Shida ya hifadhi ni kwamba huruhusiwi kukaa utakavyo. Kikomo cha kawaida ni siku 14. New Mexico wanahesabu hivi: ndani ya siku 20 usizidishe 14 katika hifadhi moja. Kwa hiyo miezi minne ya baridi ni vituo kama tisa, na kila kituo kinatakiwa kiwe kimeshawekwa kabla hujaondoka nyumbani.

Texas hufungua nafasi miezi 5 kabla. Ukitaka kulala pwani tarehe 10 Januari, kaa kwenye kompyuta tarehe 10 Agosti. Florida wakazi wa jimbo huanza kuweka miezi 11 kabla, na tangu Januari 2024 sisi wa nje tunaanza miezi 10 kabla. Yaani mwenyeji ana mwezi mzima wa kuchagua kabla yako. Ndiyo sababu sisi tuliiacha Florida tukashika Texas na New Mexico, na sijajuta.

Mimi nachora jedwali kwenye daftari la shule: tarehe, hifadhi, namba ya nafasi, urefu unaoruhusiwa, aina ya umeme. Naandika kwa penseli kwa sababu mambo hubadilika. Fika Jumapili au Jumatatu, maana Ijumaa na Jumamosi wenyeji wa Houston na San Antonio wamejaza kila mahali. Ukikosa siku mbili za katikati, usikate tamaa. Watu huahirisha, na mfumo wa Texas unaweza kukutumia taarifa nafasi ikirudi. Mke wangu ameokoa wikiendi nyingi kwa kuchungulia simu kila asubuhi akinywa chai.

Kuna jambo moja wageni hawalijui: baadhi ya hifadhi za Texas hufungwa siku kadhaa kati ya Desemba na Januari kwa ajili ya uwindaji wenye kibali. Angalia tangazo la hifadhi husika kabla ya kulipa.

Kuhusu ada, Texas hutoza nafasi kwa usiku na pia kiingilio cha kila mtu mzima kwa kila siku. Kibali cha mwaka kinafuta kiingilio kwa wote mliomo garini. Mkiwa wawili, gharama yake inarudi ndani ya kituo kimoja cha wiki mbili. New Mexico wana kibali cha kambi cha mwaka. Unalipa mara moja, halafu umeme unauongezea kwa usiku. Ukikusudia kukaa huko mwezi au zaidi, piga hesabu yake kabla ya kulipa usiku mmoja mmoja.

2. Sasa chagua gari

Kodi kwanza. Wiki moja ya kukodi itakuonyesha kama ndoa yenu inaweza kukaa ndani ya chumba cha mita saba wakati mvua inanyesha siku tatu. Nasema hivi kwa upendo.

Urefu una maana kubwa kuliko anasa. Hifadhi nyingi za zamani zilijengwa na vijana wa mradi wa serikali uliofanya kazi kati ya 1933 na 1942, wakati wa mdororo wa uchumi, na barabara zake zilipimwa kwa magari ya wakati ule. Kona ni kali na matawi ya mialoni yako chini. Chini ya futi 30 utaingia karibu kila mahali. Ukiwa na futi 40, hifadhi nzuri nyingi utaziona kwenye picha tu.

Kisha lala chali chini ya gari, usione haya mbele ya muuzaji, uangalie tumbo lake. Matangi yakiwa yananing'inia wazi, hilo ni gari la kiangazi. Unataka tumbo lililofunikwa, na umuulize kama hewa ya moto ya hita inapita humo. Tazama pia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka hata zikiwa na kashata nzuri. Zikifika miaka sita mimi nazibadilisha bila kubishana.

3. Karatasi, dawa na nyumba unayoiacha

Hapa naomba usome polepole, hasa kama hujawa raia.

Kusini mwa Texas na New Mexico, askari wa mpakani huweka vizuizi ndani kabisa ya nchi, mbali na mpaka wenyewe. Ukitoka bonde la Rio Grande kurudi kaskazini utasimamishwa karibu na Sarita au Falfurrias. Ukitoka mji wa Las Cruces, New Mexico, kwenda hifadhi ya Elephant Butte kwa barabara ya I-25 kuna kizuizi kingine. Sheria inamtaka mgeni aliyefikisha miaka 18 atembee na kadi yake ya ukaazi, ile halisi, si picha ya kwenye simu. Iweke kwenye pochi kabla hujafunga mlango wa nyumba. Mwenye kesi ya uhamiaji isiyokwisha azungumze na wakili wake kabla ya kuweka hata usiku mmoja.

Bima ya afya nayo ina mipaka. Medicare ya asili, bima ya serikali kuu kwa wazee, inafanya kazi majimbo yote, lakini mipango ya kampuni binafsi inayochukua nafasi yake mara nyingi inakufunga kwa madaktari wa eneo lako. Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ni ya jimbo. Nje ya jimbo tegemea dharura tu. Sisi wenye presha na sukari tuombe dawa za siku 90, na maagizo yahamishiwe kwenye duka la dawa lenye matawi kila jimbo.

Barua zielekezwe kwa mtu unayemwamini. Posta itazihamisha kwa muda, kuanzia siku 15 hadi miezi 6. Nyumbani funga maji kwenye koki kuu, acha joto nyuzi 13 za Selsiasi, na mwachie ndugu ufunguo aingie kila wiki.

4. Kushuka

Barabara ya I-35 inaanzia Duluth na kuishia Laredo, kwa hiyo kwa watu wa Minnesota ramani ni nyepesi: Iowa, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas. Hadi pwani ya Texas ni zaidi ya kilomita 2,000. Sisi tunaondoka mwanzoni mwa Novemba na tunaigawa kwa siku tano.

Mabomba ya trela yaache na dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya pinki, mpaka uvuke Oklahoma. Njiani tunabeba maji ya kunywa kwenye madumu, na choo tunakisukuma kwa dawa hiyo hiyo. Watu hufurahia kuyajaza matangi nyumbani, halafu wanaamka Iowa mabomba yamepasuka.

Upepo wa Kansas na Oklahoma unapiga ubavuni. Trela likianza kucheza mkia, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani kwa utulivu, na ukandamize breki ya trela peke yake kwa mkono. Usikanyage breki ya gari. Ikifika upepo wa kilomita 60 kwa saa sisi tunaegesha tunapika.

5. Ukifika kwenye nafasi yako

Fanya kwa mpangilio huu kila mara, hata ukiwa umechoka na giza limeingia.

Pima usawa kwa pima maji kabla ya kufungua trela kwenye pikapu. Weka mbao chini ya tairi za upande ulio chini. Kabari kwenye tairi, pande zote mbili, mbele na nyuma. Hapo ndipo unafungua kiungo na kushusha jeki.

Umeme: zima swichi iliyo kwenye mlingoti, chomeka kifaa cha kulinda umeme, washa, soma taa zake. Kikisema nyaya zimepishana, usiunganishe trela. Nenda ofisini ukaombe nafasi nyingine. Kikisema sawa, zima tena, unganisha, washa. Trela letu ni la ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Hita moja ndogo ya umeme ni wati 1,500. Ukiwasha mbili, kisha ukachomeka sufuria ya umeme ya kupikia maharage, swichi itaanguka.

Maji: tumia mpira wa maji ya kunywa, ule mweupe, na mbele yake funga regulata ya presha. Presha ya baadhi ya hifadhi inaweza kufumua viungo vya plastiki vya trela ukiwa umelala.

6. Usiku wa baridi kali

Watu wanadhani ukifika Texas baridi imekwisha. Kwetu kaskazi ndiyo inayoleta joto la Desemba hadi Machi. Huku upepo wa kaskazini unaleta barafu. Mchana mmoja umevaa kaptura, kufika jioni joto limeshuka nyuzi 15, na mawimbi ya ghuba yamegeuka kijivu. Februari 2021 baridi iliangusha umeme wa Texas kwa mamilioni ya watu, hadi pwani. New Mexico ni zaidi, kwa sababu ya mwinuko. Hifadhi ya City of Rocks iko kama mita 1,580 juu ya bahari, si mbali na Nairobi kwa kimo, lakini iko jangwani na mbali na ikweta. Mchana jua zuri, usiku maji yanakuwa mawe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, baridi yetu ya kwanza. Umeme ulikuwa umeshalipiwa, gesi nainunua. Nikazima hita ya gesi, nikawasha hita mbili za umeme. Ndani palikuwa pazuri, tukalala na shuka moja. Saa kumi na moja alfajiri mke wangu akafungua koki ya sinki, ikakoroma, ikatoa kijiko cha maji, kisha kimya.

"Baba, maji hakuna."

"Nje kuna maji. Ngoja niangalie mpira."

Mpira nje ulikuwa mgumu kama fimbo. Lakini tatizo halikuwa mpira peke yake. Hita ya umeme inapasha chumba tu. Hita ya gesi inasukuma hewa ya moto mpaka tumboni mwa gari, yalipo mabomba na matangi. Nilikuwa nimeliacha tumbo lile usiku kucha kwenye nyuzi nane chini ya sifuri. Mzee mmoja jirani yetu, fundi mstaafu, alikuja na mashine ya kukaushia nywele, akapiga magoti kwenye changarawe, akafungua kifuniko na kupuliza kiungo kimoja kimoja kwa saa nzima. Viwili vilikuwa vimepasuka. Alivibadilisha kutoka kwenye kopo lake la vipuri, akakataa pesa, akakubali chapati.

Tangu siku ile, kila utabiri ukisema sifuri au chini, tunafanya hivi kabla ya jua kuzama. Tunajaza tangi la ndani la maji safi. Tunafungua mpira kutoka bombani, tunaumwaga wote na kuukunja, na tunatumia maji ya tangi kwa pampu. Tunafungua milango ya kabati za chini ya sinki ili joto lifike kwenye mabomba. Hita ya gesi inawekwa nyuzi 15 au zaidi, na ya umeme inakuwa msaidizi. Koki za majitaka zinabaki zimefungwa, kwa sababu maji yanayochuruzika kidogo kidogo kwenye bomba la nje huganda na kuliziba.

Mtungi wa ratili 20 za propani, kwa hita ya BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), unatosha kama saa 14 za kuwaka mfululizo. Hita haiwaki mfululizo, lakini usiku wa baridi kali inakaribia. Ingia kila kituo na mitungi miwili iliyojaa. Kumbuka pia feni ya hita hiyo inatumia betri. Umeme wa mlingoti ukikatika na betri ikiwa mbovu, gesi unayo na joto hupati. Betri ya lithiamu nayo isichajiwe chini ya sifuri, labda iwe na kinga yake.

7. Unyevu na hewa

Ugali unaofukuta, chai ya maziwa, pumzi za watu wawili: vyote vinageuka maji madirishani. Wiki ya kwanza tuliinua godoro tukakuta chini limelowa na kuvu imeanza. Sasa tunapika dirisha likiwa wazi kidole kimoja na feni ya darini ikizunguka, hata nje kukiwa na baridi. Chini ya godoro tumeweka kimkeka chenye matundu, na kuna mashine ndogo ya kunyonya unyevu inayojaza kopo kila siku mbili.

Jiko la kupikia si la kuotea moto. Na mkaa usiingie ndani ya trela kamwe, hata ukiwa umefifia, hata kwa dakika tano. Tumezika watu nyumbani kwa jiko la mkaa chumbani, na trela ni dogo kuliko chumba. Bonyeza kitufe cha kengele ya kaboni monoksaidi kila Jumapili. Kengele yenyewe ina tarehe ya kuisha muda nyuma yake.

8. Choo

Ni rahisi kuliko mnavyodhani. Koki ya tangi la choo usiiache wazi. Maji yatatoka na uchafu utabaki ukauke kama saruji. Ngoja lijae theluthi mbili, vaa glavu, unganisha bomba, fungua la choo kwanza, kisha la maji ya sinki na bafu ili lisafishe bomba. Ongeza maji mengi chooni kila mara. Sisi wawili tunafika siku kumi, kwa sababu kuoga tunaoga kwenye mabafu ya hifadhi.

9. Mahali petu

Mkiuliza nianzie wapi, nitasema Goose Island, karibu na Rockport. Chagua nafasi za msituni, si za ufukweni, kwa sababu mialoni inakata upepo. Nje kidogo kuna mwaloni mmoja unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000. Kimbunga Harvey kilipopiga hapo Agosti 2017 kiling'oa vingi, wenyewe ukabaki. Mkiwa huko asubuhi mtazame korongo weupe wakubwa, wenye kimo cha mita moja na nusu. Wanatoka Kanada kaskazini, karibu kilomita 4,000, na mwaka 1941 walibaki 15 tu kwenye kundi hili. Kwa mtu aliyekua akiwaona korongo wa bendera ya Uganda, kusimama kimya na kuwaona hawa wakitembea kwenye maji ya kina kifupi ni kitu kinachokaa moyoni.

Uvuvi ndani ya hifadhi za Texas hauhitaji leseni, ila vipimo na idadi ya samaki lazima ufuate. Tunabeba makopo ya tui kutoka Minneapolis. Pombe hadharani ni marufuku, na saa nne usiku kelele ziishe. Sisi hiyo saa tunapiga simu nyumbani kwa sauti ya chini; saa nne usiku Texas, Afrika Mashariki ni saa moja asubuhi, wameamka wanachemsha chai.

Upande wa New Mexico, Rockhound karibu na Deming wanakuruhusu kuokota mawe hadi ratili 15, kama kilo saba. Wajukuu wetu kila mmoja ana jiwe lake.

10. Kurudi

Usidanganywe na maua ya Machi Texas. Minnesota bado imeganda. Sisi tunaanza kupanda wiki ya mwisho ya Machi, na usiku wa mwisho kusini mwa Kansas tunamwaga matangi yote na kurudisha dawa ya pinki kwenye mabomba. Washa kila koki, ya moto na ya baridi, na usisahau bafu la nje, mpaka uone pinki. Ukifika nyumbani fungua koki kuu ya nyumba taratibu, mtu mmoja akiwa chini akisikiliza mabomba. Halafu chukua daftari, andika tarehe za Juni utakazotakiwa kukaa kwenye kompyuta kwa ajili ya Novemba.